Bi Mwanvita Asipelekwe Dar

Miaka ile nilikuwa mwandishi wa barua Bagamoyo. Nilikaa na taipu yangu kwenye baraza ya duka la marehemu baba, hatua chache kutoka posta, na kazi zangu zilikuwa za kawaida: maombi ya kazi, barua za kumwuliza mume aliyekwenda Tanga kama bado yu hai, mashtaka ya mbuzi waliokula mihogo ya jirani. Mtu alisimulia, mimi nikapiga taipu, yeye akaweka dole gumba. Basi mwaka 1972, wiki moja baada ya Idi, akaja Bi Mwanvita binti Kitwana, akavuta kibao, akakaa, akaniambia anataka kuandikisha namna atakavyougua.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza kama anataka wosia. Akasema wosia anaujua, ni wa mtu akishakufa, na akishakufa wapo watu wanaojua la kufanya, hana wasiwasi nao.

"Mimi nataka karatasi ya kabla," akasema. "Pale ambapo sijafa, lakini kila mtu amekwisha kujiona ndiye mwenyewe wangu."

Wakati huo alikuwa amepita sitini. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwanya mbele, na macho ya mtu anayekungoja umalize kusema ili akucheke. Alizaliwa Mlingotini katika ukoo wa Kizaramo, akaolewa mjini na baharia ambaye alifariki mapema, akamwacha na watoto wawili, Salumu na Tatu. Aliwalea kwa kazi ya hospitali. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake: aliosha sakafu, alibadili mashuka, alimwaga mabeseni, na alijua nani amelazwa kwa homa na nani amelazwa kwa kumkimbia mkwewe.

Mji mzima ulijua visa vyake vya wodini. Palikuwa na mume mmoja aliyekuja kila siku saa ya chakula kumtazama mkewe, mikono mitupu, na kila siku akaondoka amekula sahani ya mgonjwa. Siku ya nne Bi Mwanvita akamtandikia kitanda cha jirani, akamwambia kwa upole avue viatu alale, kwa kuwa kila anayekula chakula cha hospitali lazima apigwe sindano mbili asubuhi na mbili jioni. Yule bwana alitoka mbio. Kesho yake akaja na samaki wa kukaanga.

Lakini lililomleta kwangu halikuwa mzaha. Dada yake Zaina aliugua mwaka 1970, wakati wa masika. Zaina alisema waziwazi kwamba hataki kupelekwa Dar es Salaam, anataka kubaki kwake. Ndugu wakasema huyo ni mgonjwa, hajui asemalo, wakampakia kwenye lori la mbata. Lori likazama kwenye matope kabla ya kufika mto Mpiji. Zaina akafia pale, juu ya magunia, katikati ya abiria wanaosukuma lori, huku akiomba maji. Bi Mwanvita alikuwa zamu kazini siku hiyo, na habari ilimfikia jioni. Aliponisimulia alikuwa akitazama vidole vyake.

Halafu akainua uso akasema, "Haya, tia karatasi."

Nikatia fulskapu tatu na kaboni katikati. Nikaanza kwa lugha ya ofisini, kama nilivyozoea, nikapiga: "Mtajwa hapo juu anatamka ya kuwa." Akataka nimsomee. Nikamsomea. Akauliza mtajwa hapo juu ni nani. Nikamwambia ni yeye. Akaniambia nimfute, hamjui.

Ilitubidi tuanze upya mara tatu. Mwishowe niliandika alivyosema. Akiwa na maradhi yanayotibika, atibiwe. Sindano haogopi, na vidonge atameza hata vile vya njano. Dawa ikipatikana Bagamoyo, atibiwe Bagamoyo, asipelekwe Dar. Bwana mganga wa hospitali akisema hakuna tena la kufanya, arudishwe nyumbani kwake, na kitanda chake kiwekwe kwenye dirisha la uani apate kusikia watu wanavyosengenyana jikoni. Ikiwa hatainuka tena, asitiwe mpira puani wa kulishia. Mipira hiyo ameiosha miaka mingi na anaijua. Maumivu yapunguzwe kwa dawa yoyote iliyopo, na mtu asiseme kwamba Bi Mwanvita anavumilia, kwa kuwa havumilii. Na mtu yeyote asimwinamie na kumwuliza "unanijua mimi nani?" Amewaona wagonjwa wengi wakitahiniwa hivyo kama watoto wa darasa la kwanza. Akiulizwa, atajibu apendavyo.

Nikamwambia sina hakika kama sheria inaitambua hati ya namna hiyo. Akasema hakuiandikia sheria, aliwaandikia jamaa zake. Nikamwuliza na dini je? Kumbe alikwisha kupita kwa Mwalimu Seleman wa madrasa, akamwuliza. Mwalimu alimjibu kwamba kujiua ni haramu, hilo halina mjadala, lakini mtu kumngoja Mola wake kitandani kwake, baada ya dawa kushindwa, hajapata kusikia kwamba kumekatazwa.

Shahidi aliyemchagua ndiye aliyenishangaza. Hakuwa Tatu aliyekaa naye nyumba moja, wala Salumu aliyekuwa karani mkubwa wa shirika moja la umma huko Dar. Alikuwa Mzee Mgeni, mtani wake. Mgeni alikuwa Mnyamwezi wa pale pale Bagamoyo. Babu yake alikuja na misafara ya mizigo zamani, akaoa, hakurudi tena. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na hawa wawili waliutendea haki utani wao. Mgeni aliwahi kumchukua kuku wa Bi Mwanvita mchana kweupe, akamchinja akamla. Bi Mwanvita hakusema neno. Alikwenda kwa Mgeni na fundi, akang'oa mlango wa jiko, akaondoka nao.

"Watoto wangu watalia," akanieleza. "Wifi yangu Somoe atapiga mayowe. Mtu anayelia hawezi kusimamia karatasi. Mtani wangu atacheka, na hakuna atakayeweza kumkasirikia."

Mzee Mgeni akaja, akaweka dole gumba, akasema anaipokea hati hii kwa furaha kwa sababu ni mara ya kwanza Mzaramo kukiri kwa maandishi kwamba atakufa. Nakala moja akaichukua yeye. Ya pili Bi Mwanvita akampelekea bwana mganga wa hospitali, akaiweka mwenyewe ndani ya jalada lake. Kabati alilijua kuliko wauguzi. Ya tatu nikaitia kwenye bahasha kwenda kwa Salumu.

Salumu hakuisoma mpaka mwisho. Alifika kwenye maneno "ikiwa sitainuka tena", akaacha kazi mezani, akadandia gari la kwanza. Alipoingia uani anahema, mama yake alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, akamwuliza kama Dar kumeungua. Nasikia waligombana mpaka adhuhuri. Salumu alisema mama amemwaibisha kwa kumpa mtu wa nje mambo ya ndani. Mama akasema wa ndani ndio waliomuua Zaina. Salumu akala wali, akarudi Dar na karatasi yake mfukoni, akisema hatairuhusu.

Ikapita miaka miwili. Aprili ya mwaka 1974 Bi Mwanvita akapatwa na homa, na kifua kikambana. Siku ya tatu Tatu akampeleka hospitali. Bwana mganga alimpima, akasema ni nimonia, akamwanzishia penisilini na kuomba apewe siku mbili tatu. Mgonjwa alilala amefumba macho, hasemi na mtu. Wifi yake Somoe alipomwona vile alikwenda posta na kupiga telegramu ya maneno mawili: MAMA MAHUTUTI.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Salumu akafika na Land Rover ya shirika, dereva, na godoro jipya nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Somoe alikuwa amekwisha kufunga furushi la nguo. Mganga alijaribu kueleza, lakini kila aliposema "tungoje", Somoe aliwageukia watu akawatafsiria kwamba maana yake hakuna tumaini.

Tatu hakubishana nao. Alitoka kwa mlango wa nyuma akaenda kumwita Mzee Mgeni. Mgeni alikuwa akisoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo alinipitia barazani, akaniamuru nifunge taipu nimfuate. Tulipofika uwanjani mwa hospitali, wanaume wanne walikuwa wakienda kuchukua machela. Mgeni hakuwauliza kitu. Alinipa mwavuli wake, akavua makubazi, akapanda nyuma ya Land Rover, akajinyoosha chali juu ya godoro jipya.

Salumu akamwomba ashuke. Mzee akajibu kwamba na yeye ni mgonjwa, mgongo unamsumbua mwaka wa kumi sasa, na kama shirika linapeleka wazee Dar basi lianze na aliyewahi nafasi. Akauliza kama huko njiani watapata ndizi. Watu waliokuja kuona wagonjwa wao wakaanza kusogea. Salumu alijaribu tena kwa heshima, halafu kwa ukali, halafu akamshika mguu. Mgeni akamwambia avute taratibu, mguu huo ndio mzuri.

"Husseni, soma," akaniambia kutoka kwenye godoro.

Nikasoma mbele ya watu wote, nikiwa upande wa pili wa gari, maana Salumu alikuwa mkubwa wangu shuleni na ngumi zake nilizijua. Nilipofika kwenye "dawa ikipatikana Bagamoyo, nitibiwe Bagamoyo", bwana mganga, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi na jalada mkononi, akasema dawa ipo na mgonjwa ameanza kuitumia. Njia hii, kwa matope haya, akasema, ndiyo hatari kuliko kifua chake.

"Angekuwa mama yako ungesemaje?" Salumu akamwuliza.

"Ningemwacha palepale alipo," mganga akajibu. "Halafu ningelala nje ya mlango wake."

Nyuma ya gari Mgeni alikuwa ameanza kukoroma kwa makusudi. Ndipo Salumu akacheka, kicheko kidogo kilichomponyoka, na kabla hakijaisha akakaa juu ya bampa, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakawa yanamtikisika. Dereva akageuka kutazama miti.

Land Rover ikarudi Dar bila mgonjwa. Godoro lilibaki, Mgeni alisema amelizoea.

Salumu alilala nje ya mlango wa wodi siku mbili. Siku ya tatu homa ikashuka. Somoe alikuwa amekaa kitandani wakati Bi Mwanvita alipofumbua macho, na kwa furaha akasahau kila kitu kilichoandikwa. Akamwinamia, akamshika shavu. "Wifi, unanijua mimi nani?"

Bi Mwanvita alimkazia macho. "Wewe si yule mwanamke wa Saadani," akasema kwa sauti dhaifu, "uliyeniuzia dagaa nusu mchanga?"

Somoe alipiga ukelele uliofika wodi ya wanaume. Tatu, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, aliona mama yake akimkonyeza.

Juma moja baadaye alikuja tena barazani kwangu, amekonda, anatembea na fimbo, na anataka hati irekebishwe. Alisema katika siku zile alizolala kimya hakuwa na nguvu ya kufungua macho wala mdomo, lakini masikio yalifanya kazi vizuri sana. Alimsikia Somoe akimshauri Tatu atoe kanga mpya sandukuni kabla hazijashikwa na ukungu. Alimsikia jirani mmoja akimsifu kwa mambo ambayo hajawahi kuyatenda. Kwa hiyo tuongeze kwamba mgonjwa aliyefumba macho anasikia, na yeyote mwenye la kusema juu ya kanga aende akalisemee kisimani. Niliandika huku nacheka.

Kisha akasema liko jingine, akaweka mkono juu ya taipu, nikaacha kucheka.

Usiku ule wa pili, Salumu alikuwa ameingia akakaa karibu naye. Alidhani hasikii. Alimwambia kwamba anaogopa. Hakuogopa kifo cha mama tu, aliogopa watu. Kwamba akifa pale, Bagamoyo nzima itasema mtoto wake alikuwa na kazi kubwa na gari la shirika, akamwacha mama afie kwenye kitanda cha wilaya. Kwamba tangu alipoipata ile barua hajui aitii hati au awaridhishe ndugu, na lolote atakalofanya atalaumiwa.

"Nilidhani najikinga mimi," Bi Mwanvita akaniambia. "Kumbe nimemtupia mtoto mzigo, nikaenda zangu kulala."

Akanifanya niandike polepole, akitazama kila herufi inavyogonga karatasi ingawa hakujua kusoma: "Mwanangu Salumu asilaumiwe na mtu. Akiniacha nyumbani, ni mimi niliyemwagiza, nikiwa na akili zangu na nimeshiba. Mwenye lawama aje anilaumu mimi." Nakala hiyo mpya hakutaka ipelekwe kwa posta. Alimpa Salumu mkononi, wala hakumwambia alivyojua. Na mimi nikaagizwa nisiseme, nami sikusema mpaka leo.

Habari za hati zilienea. Kwa miezi kadhaa nilijiwa na wazee wenye matakwa ya kila aina. Mmoja alitoka Mkange kwa miguu kuandikisha kwamba akizidiwa asiitwe mke wa pili. Mke wa pili naye akaja siku iliyofuata kuandikisha kwamba hatakwenda hata akiitwa. Palikuwa na aliyetaka nimhakikishie kwa maandishi kwamba hatakufa siku ya Ijumaa, kwa sababu ana shughuli. Nikajifunza kuuliza kwanza kama ni karatasi ya kabla au ya baada.

Mwishoni mwa mwaka 1977 Bi Mwanvita akaanza kupungua na tumbo kuvimba. Bwana mganga yule yule akampima, akawaalika madaktari waliopita kutoka Dar wakamtazama, na wote wakaona uvimbe umekwisha kufika kwenye ini. Walimweleza yeye mwenyewe, maana aliwaambia wasipoteze muda na jamaa. Kupasuliwa kulikuwapo, huko Dar, lakini hawakuona kwamba kungemwongezea kitu. Akauliza dawa ya maumivu ipo? Ipo. Mganga atakuja nyumbani kuchoma sindano? Atakuja. Akasema basi, yeye anakwenda kwake.

Ndugu wa mume walikusanyika uani siku ya Jumapili, na mmoja wao, mtu mzima kutoka Chalinze mwenye duka na sauti, akasema haiwezekani. Akamgeukia Salumu, akamwuliza mbele za watu ataitazamaje jamii. Nilijiandaa kusimama nisome, na Mzee Mgeni alikuwa amekwisha kuvua makubazi. Lakini Salumu akatutangulia. Akaitoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo, akaisoma yote tangu juu. Alipofika kwenye jina lake alikatisha. Akaanza tena sentensi ile, akaimaliza.

Yule bwana wa Chalinze akatazama kofia yake. Wa kwanza kuinuka alikuwa Somoe, akasema wifi yake amekaa muda mrefu bila uji, na wanaume waondoke njiani.

Salumu akachukua likizo. Kitanda kikawekwa dirishani, na kwa siku kumi na moja Bi Mwanvita aliwasikiliza watu wa jikoni na kuwasahihisha. Mgeni alikuja kila asubuhi kumwuliza anaondoka lini, maana anakitaka kitanda. Naye akamjibu kwamba kitanda atapata, kunguni atabaki nao pia. Mganga alikuja jioni na sindano zake. Siku mbili za mwisho Bi Mwanvita alizungumza kidogo tu, na Tatu alimlowanisha midomo kwa kahawa, kwa sababu maji aliyakataa.

Siku ya Jumanne, kabla ya adhuhuri, nilikuwa uani nikimsaidia Tatu kuchambua mchele. Salumu alikuwa ndani, kwenye kiti kando ya kitanda, akimsomea mama yake gazeti kwa sauti. Lilikuwa la juzi, na ukurasa uliobaki ulikuwa wa mpira, jambo ambalo Bi Mwanvita hakulijali hata kidogo maisha yake yote. Tuliisikia ile habari mwanzo hadi mwisho: nani alifunga, nani alitolewa nje, mchezo wa marudiano ni lini. Baadaye Salumu aliniambia kwamba mama yake alikata roho katikati, mkono wa mama ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe, naye hakutaka kukatisha. Alisoma mpaka nukta ya mwisho, kwa sauti ile ile, akakunja gazeti, ndipo akatuita.